Sura ya Tano: Ng'ambo ya Waliochelewa

Mwanamume wa nne asubuhi ile naye alikuwa mzima.

"Mzima kama chuma, alhamdulillahi," alisema. Alikuwa amekaa upande kwenye kiti cha zahanati, uso kaupeleka dirishani ili asimwone mwanamke anayemhoji. Mashavu yalikuwa yamembonyea, na kanzu ilimning'inia mabegani utadhani imetundikwa kwenye msumari.

"Ukienda haja ndogo, unaumia?" aliuliza Daktari Inshirah.

"Astaghfirullah, bibie!"

"Sijakutukana. Nimeuliza kama unaumia."

"Mimi nina binti aliyekuzidi umri."

"Akija nitamuuliza na yeye. Unaumia, huumii?"

Yule bwana akamgeukia Sajini Bayumi aliyesimama mlangoni. "Afande, hivi kweli serikali nzima imekosa mwanamume wa kututumia?"

Bayumi akatazama dari. Alikuwa pande la mtu, masharubu kama ufagio, na alikwisha kuwafukuza wezi wa mifugo katika mashamba yote ya mpunga ya mkoa ule. Lakini mbele ya neno "mkojo" aligeuka mwali. Inshirah alipewa yeye amsaidie kuzungumza na wanaume. Mpaka sasa alichosaidia ni kufungua na kufunga mlango.

"Basi nenda, baba," Inshirah alimwambia yule bwana. "Nenda ukawe mzima nyumbani kwako."

Inshirah alikuwa mkaguzi wa afya wa mkoa, daktari aliyechoshwa na wadi akaingia kwenye kazi ya kuuliza maswali, asijue kwamba huko ndiko kwenye kuchoka kwenyewe. Kilichomleta Mit Zahran ni malalamiko ya mpasuaji wa hospitali ya mkoa. Mfereji wa maji ulikuwa mmoja. Magharibi yake kuna kijiji cha Kafr Dawud, mashariki yake Mit Zahran, na kati yao daraja fupi ambalo hata mbuzi hulivuka bila kuhema. Wanaume wa pande zote mbili walikulia ndani ya maji yale, wakaoga humo, wakapanda mpunga humo, wakapata kichocho kilekile, na baada ya miaka mingi kichocho kikawaletea saratani ya kibofu bila ubaguzi. Hata idadi ya wagonjwa ilikaribiana. Tofauti ilikuwa moja tu. Wa Kafr Dawud waliingia hospitali kwa miguu yao, uvimbe ungali mdogo. Walikwanguliwa uvimbe huo wakarudi shambani. Wa Mit Zahran waliletwa kwa machela, saratani imekwisha kuhamia mifupani, na mpasuaji hakuwa na la kufanya ila kuwatuliza maumivu na kumwita mtoto mkubwa kando.

Kwa nini? Hilo ndilo swali alilotumwa nalo, na siku ya tatu hii alikuwa hajapata hata nusu ya jibu.

Simu ya zahanati ikalia. Alikuwa Mkurugenzi Fikri, bosi wake, ambaye hakuwahi kuvuka mfereji wowote bila zulia.

"Umemkamata?"

"Nani, bwana mkurugenzi?"

"Atiyya! Yule muuza majani! Mkoa mzima unajua kwamba anawanywesha watu majani mpaka wanaoza. Mkamate, andika ripoti, rudi. Wakubwa wananiuliza."

"Ushahidi bado sina."

"Ushahidi utaupata ukishamkamata!" Simu ikakatwa.

Inshirah aliitazama ile simu kwa muda, kama mtu anayetafuta mahali pa kuinyonga. "Twende kwa huyo Atiyya," akasema.

Hawakumkuta Mit Zahran. Walimkuta ng'ambo, Kafr Dawud, katikati ya gulio, amesimama juu ya mkokoteni wa punda kati ya magunia ya shayiri, rosela na mbegu za kila ugonjwa aliouumba Mungu. Akina mama walikuwa wamemzunguka. Alipomwona askari alitupa mikono juu.

"Haya, wamekuja! Kila mtu akifa kitandani mwake, Atiyya! Punda akiharisha, Atiyya!"

"Shuka, mzee, tuzungumze," Inshirah alisema.

"Sishuki. Uliza mbele ya watu, wasije wakasema nimehonga."

"Mtu akija kwako analalamikia mkojo, unampa nini?"

"Maji ya shayiri. Na mbegu za khela, kama ana vijiwe. Bibi yako mwenyewe alikunywa hizo, usinitolee macho."

"Unawauzia watu wa wapi?"

"Swali gani hili! Siku ya gulio hapa, nauza hapa. Siku nyingine nauza kule. Mfereji unanihusu nini mimi? Wao ndio wamenuniana toka ule ugomvi wa zamu za maji, hawavukiani daraja hata kwa msiba. Punda wangu hajanuna na mtu."

Inshirah akapiga hesabu kichwani. Kama majani yale yale yaliuzwa pande zote mbili, basi majani hayakuwa na kesi. Kilichowachelewesha Mit Zahran lazima kiwe Mit Zahran peke yake.

"Na mtu akikwambia anakojoa damu?"

"Namfukuza!" Atiyya alipiga kelele. "Namwambia damu si kazi yangu, nenda hospitali. Waulize hawa. Wewe Hajjat, mumeo nani alimtuma hospitali?"

Bibi mmoja mwenye kikapu cha mayai akaitikia kwa kichwa. "Ni yeye, daktari. Alimtimua na fimbo."

"Na wa Mit Zahran? Wao pia unawatimua?"

Atiyya akakuna kidevu. Kwa mara ya kwanza sauti yake ikashuka. "Wa kule hawajawahi kuniambia wameona damu. Hata mmoja."

"Wanaona aibu."

"Aibu na mimi? Bibie, wale hunisimulia mpaka choo chao kilivyotoka. Wangeona damu wangenieleza mpaka niombe po."

Wakarudi kwa miguu, jua limesimama utosini. Inshirah alikuwa amekasirika, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba yule mzee alikuwa na akili. Yeye Inshirah alikuja na majibu mawili mkononi, majani na aibu, na yote mawili yameachwa gulioni. Saratani ya kibofu hupiga hodi kwa damu. Ndivyo ilivyo kwa karibu kila mgonjwa. Wa magharibi walisikia hodi wakafungua mlango. Wa mashariki hawakusikia kitu. Inawezekanaje?

Adhana ya adhuhuri ilipokwisha, Bayumi aliomba ruhusa akaswali. Alirudi amekunja uso.

"Watu wa huku wachafu, daktari. Samahani kusema."

"Wachafu vipi?"

"Jana alasiri niliswali Kafr Dawud. Vyoo vya msikiti wao vyeupe pe, unaweza kulia chakula. Hapa..." Masikio yalianza kumwiva. "Hapa vimeiva rangi ya chungwa. Kutu tupu."

Inshirah aliweka kikombe chake cha chai mezani. "Kutu kutoka wapi?"

"Kwenye maji, daktari. Mabomba."

"Maji ya misikiti yote miwili yanatoka tangi moja la serikali. Nililiona mwenyewe juzi. Kwa nini bomba lile lile litapike kutu huku tu?"

"Mimi ni askari, daktari, si fundi bomba."

"Nipeleke."

"Wapi?"

"Chooni."

Bayumi alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue sare barabarani. "Daktari, ni choo cha wanaume! Cha msikiti!"

"Swala imekwisha. Toa waliomo, simama mlangoni, asiingie mtu."

Mlinzi wa msikiti alipinga, akaapa, akaita majina ya mitume, mwishowe akajifunika uso kwa kilemba chake ili asiwe shahidi. Inshirah akaingia na pamba na chupa ya spiriti. Alianza na bomba. Chini ya bomba, pale maji yanapodondoka mchana kutwa, sakafu ilikuwa nyeupe. Kama ingekuwa kutu, ingeanzia pale. Rangi ilianzia kwenye karo zenyewe, pale wanaume wanapochuchumaa, ikashuka mpaka kwenye tundu. Akalowesha pamba, akasugua. Kutu haitoki kwa pamba. Hii ilitoka, na pamba ikageuka rangi ya ganda la chungwa.

Alikaa pale akichungulia ile pamba mpaka Bayumi akakohoa nje.

"Daktari? Watu wanakusanyika."

"Waache wakusanyike. Nyumba ya marehemu Hasanein iko wapi?"

Hasanein alikuwa wa mwisho kuzikwa. Mjane wake, Mama Sabah, aliwapokea uani akiwa anachambua mchele kwenye sinia kubwa. Hakusimama.

"Mmekuja tena? Aliyekufa amekufa."

"Pole, mama. Nina swali moja. Marehemu aliwahi kuona damu kwenye mkojo?"

Mama Sabah alilisukuma sinia kando. "Kila mtu wa serikali ananiuliza hilo! Mnatufanya wanyama? Tungeona damu tusingekimbia hospitali? Baba yangu alianza na damu, nikampeleka mwenyewe kwa mkokoteni, akaishi mpaka akaoza meno. Hasanein hakutoa damu. Aliumwa kiuno, akakonda, akafa."

"Nguo zake za ndani zipo?"

"We mwana, huna haya?"

"Sina, mama. Nilikuwa nayo, imekwisha wiki hii."

Kitu fulani katika jibu lile kilimfanya mjane agune, nusu ya kicheko. Aliingia ndani, akatoka na suruali nyeupe ya pamba iliyokunjwa vizuri. Mbele ilikuwa na doa la rangi ya chungwa, limefifia lakini halikutoka.

"Hilo nimelisugua mpaka mikono ikachubuka," alisema. "Rangi ya dawa haitoki."

"Dawa gani?"

"Vidonge vya Daktari Wagih, wa duka la dawa. Vya muwasho wa mkojo. Kila mwanamume hapa anavyo mfukoni. Mwanzoni Hasanein alipoona mkojo umekuwa mwekundu alishtuka, akarudi kwake mbio. Daktari Wagih akamwambia, 'Ukiona wekundu furahi, ni dawa inatoa uchafu.' Basi akawa anafurahi." Mkono wake ulitulia juu ya ile suruali. "Kwa nini unanitazama hivyo?"

Inshirah hakuwa na namna nzuri ya kumwambia, akamwambia hivyo hivyo, polepole, amemshika mkono. Mama Sabah alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta sinia, akaendelea kuchambua, ila sasa alikuwa anatupa chuya na mchele pamoja.

Duka la dawa la Wagih lilikuwa safi kuliko zahanati. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, koti jeupe, miwani, sauti ya upole. Na kila alipopita mtaani watoto walimkimbilia. Inshirah aliweka juu ya kaunta pamba, ile suruali, kisha akanyoosha kidole kwenye kabati.

"Nipe kile kidonge cha muwasho."

Wagih alimpa. Inshirah alisoma maandishi ya pembeni kwa sauti. "Kisitumike zaidi ya siku mbili au tatu." Akainua uso. "Hasanein ulimpa kwa muda gani?"

"Mpaka alipofariki, Mungu amrehemu."

"Mjane wake anasema ni zaidi ya mwaka."

"Alikuwa anaumia, dada yangu. Aliumia, nikampa, akalala usingizi. Ulitaka asilale?"

"Nilitaka aone damu yake!"

Bayumi, mlangoni, alishtuka. Wagih alivua miwani akaifuta.

"Kidonge kinatia rangi. Hilo liko kwenye maandishi. Mimi sijamficha mtu kitu."

"Uliwaambia wekundu ni uchafu unatoka."

"Kwa sababu walikuwa wanatupa dawa! Waliogopa rangi. Nikatafuta neno la kuwatuliza. Neno tu."

"Na zahanati, wakienda kupimwa?"

"Zahanati wakiona rangi wanamwaga, wanasema rudi ukimaliza dawa."

"Na hakuna anayemaliza, kwa sababu wewe humrudishi mtu mikono mitupu." Alisikia sauti yake inapanda na hakuishusha. "Mwanamume anatokwa na damu mwaka mzima, yeye anaona rangi ya dawa. Mkewe anafua damu, anadhani anafua dawa. Kafr Dawud hawavuki daraja kununua kwako, ndiyo maana wako hai. Ugomvi wao umewaokoa na wema wako."

"Nimewatumikia watu hawa maisha yangu yote," Wagih alisema. "Wewe umekuja juzi na gari la serikali. Funga duka, kama una amri. Watanunua mjini. Simama mtaani uwaambie waache. Tuone nani atakusikiliza."

Hapo alikuwa amesema kweli, na kweli ile ilimkera Inshirah kuliko uongo wote aliousikia tangu afike. Aligeuza uso asije akatoa neno baya. Ndipo akaona, kwenye rafu ya nyuma, kando ya glasi ya chai ya Wagih, karatasi ya vidonge vile vile. Nusu vimeliwa.

"Vile vya nani?"

Wagih aligeuka, kama vile hakumbuki. "Vyangu. Nina vijiwe kwenye figo."

"Ulipiga picha ukaviona?"

"Najua dalili. Mimi ni mfamasia."

"Tangu lini unavinywa?"

Wagih alisogeza glasi ya chai ikaificha ile karatasi.

"Daktari Wagih. Mara ya mwisho kuona rangi ya mkojo wako mwenyewe ni lini?"

Nje punda alilia, mtu akamtukana. Mfamasia alirudisha miwani usoni, na miwani ikakaa upande.

"Acha mpaka kesho kutwa," Inshirah alisema, sasa kwa upole. "Usinywe hata kimoja, unywe maji, kisha uniletee mkojo wako zahanati. Ukiwa safi, nitakuja hapa kukuomba radhi."

Jioni Fikri alipiga simu tena. Amri ya kumkamata Atiyya ilikuwa tayari, imeshapigwa muhuri. Kwa nini sajini hajatekeleza? Inshirah alieleza habari ya vidonge. Fikri akauliza kama vidonge ni majani. Akaeleza upya. Fikri akasema basi wakamatwe wote wawili, mkoa uonekane unafanya kazi.

"Ukimtia Wagih ndani, bwana mkurugenzi, kijiji kizima kitavimeza vidonge hivyo kwa hasira tu. Mdomo uliowadanganya ndio utakaowatoa. Sina mwingine."

"Nipe huyo sajini!"

Bayumi alichukua mkono wa simu, akabana miguu. "Ndiyo, bwana mkurugenzi. Ndiyo. Amri nimeielewa. Tatizo ni pingu, bwana mkurugenzi. Sizioni." Zilikuwa zinaning'inia kiunoni mwake. "Nitazitafuta kwa bidii." Akakata, akamtazama Inshirah, masikio mekundu kama kawaida, na Inshirah kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka.

Kesho kutwa ilipofika, Wagih hakuja asubuhi. Hakuja mchana. Inshirah alihoji wanaume wengine, wote wazima kama chuma. Alikuwa anafunga mkoba wake kwa hasira, akijilaumu kwa kumwamini, pale mlango ulipofunguka. Wagih aliingia bila koti jeupe. Alikuwa na chupa iliyozungushiwa gazeti, akaiweka mezani, akafungua gazeti mwenyewe, pole pole, kama mtu anayemfunua maiti ili atambuliwe.

Haikuwa rangi ya chungwa. Ilikuwa nyekundu ya nyama, na chini kumetulia mabonge madogo meusi.

"Hasanein alikuwa akinishukuru kila akija," alisema. "Kila akija."

Inshirah aliifunika ile chupa. "Kesho alfajiri utakwenda na mimi kwa mpasuaji. Huenda bado mapema. Umekuja kwa miguu yako."

"Kesho, sawa. Sasa hivi twende mkahawani."

Mkahawa ulikuwa umejaa. Televisheni ilikuwa inaonyesha mpira, moshi wa tumbaku ya buruma umetanda, vigae vya dhumna vinapigwa mezani kwa kishindo. Inshirah alisimama nje na Bayumi, maana humo mwanamke haingii. Wagih alikwenda moja kwa moja akazima televisheni. Zogo likalipuka.

"Daktari, vipi! Dakika za mwisho hizo!"

"Nisikilizeni. Vile vidonge vya muwasho nilivyowapa, viacheni leo. Niliwaambia wekundu ni uchafu unatoka. Nilikosea. Kidonge kinapaka rangi, na nyuma ya rangi mtu anaweza kuwa anatokwa na damu asijue. Hasanein hakujua. Na wengine tuliowazika."

Minong'ono ikaanza, kisha sauti zikapanda. Mmoja akasema ni yule mwanamke wa serikali amemtisha. Mwingine akasema bila vidonge yeye hawezi kulala, nani atakwenda kuungua chooni badala yake? Kijana mwenye redio kwapani alicheka kwa sauti kubwa, asijue afanye nini kingine. Ndipo Mzee Mitwalli, mkubwa wa mkahawa, aliyekuwa na vigae vyake mkononi bado, akauliza kwa sauti ya chini, bila dharau:

"Wagih, mwanangu. Na wa kwako wewe, ukoje?"

Mfamasia alisimama katikati ya wanaume waliomjua tangu anatambaa. Inshirah, kutoka nje, aliona kisogo chake tu na mabega yake yakipanda na kushuka.

"Mwekundu, mzee," akasema. "Tangu juzi sijameza kitu, na bado ni mwekundu."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mzee Mitwalli alilaza vigae vyake kifudifudi. Akaingiza mkono ndani ya kanzu, akatoa karatasi ya vidonge, akaiweka mezani katikati ya mchezo. Aliyekaa mkabala naye akatoa yake. Halafu meza ya pili. Halafu mtu wa kwenye kona, ambaye hakuonekana kuwa mgonjwa hata kidogo. Karatasi zile zilikuwa zikitoa sauti nyembamba zikianguka juu ya bati la meza, moja baada ya nyingine, na hazikuonyesha dalili ya kukoma.

"Bayumi," Inshirah alisema, "tafuta gari la kwenda hospitali alfajiri."

"Letu lipo, daktari."

"Lori, Bayumi. Katafute lori."